Kivu Kusini: Makao ya jimbo yalipohamia Uvira, Nyamianda ilipata nini?

Kwa miaka mingi, mkaaji wa Nyamianda mwenye shauri kubwa na serikali alijua njia ni moja: kuamka mapema, kupanda gari, kupita Kiliba, Sange, Luberizi, Luvungi na Kamanyola, kisha kupanda milima mpaka Bukavu. Huko ndiko kulikuwa gavana, bunge la jimbo, mahakama ya rufaa na tawi la Benki Kuu. Gari likiharibika kwenye milima ya Ngomo, basi siku imeisha, na shauri linangoja kesho.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka. Mwishoni mwa Januari kundi la AFC/M23 lilichukua Goma. Katikati ya Februari likaingia Bukavu. Serikali ya jimbo ikashuka bondeni na kuifanya Uvira makao yake ya muda, na kundi nalo likaweka gavana wake kule Bukavu. Jimbo moja likawa na makao mawili, kila upande ukisema wenyewe ndio jimbo.

Kisha vita vikafika Uvira yenyewe. Desemba 10, 2025, siku sita tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia sahihi Washington, M23 waliingia mjini. Maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi na vitu vichache mikononi. Januari 2026 kundi lilitoka, na jeshi la serikali pamoja na Wazalendo wakarudi.

Katika miezi hiyo yote, mji wa Uvira ulibeba jina la makao ya jimbo. Swali ambalo wakaaji wengi wanajiuliza ni hili: jina hilo lilileta nini kwenye kata? Ili kujibu, inafaa kuangalia jimbo lenyewe limekaaje: ardhi yake, sheria yake, na njia ambayo pesa zake zinapita.

Jimbo lenye maziwa mawili

Kivu Kusini lilizaliwa mwaka 1988, wakati Kivu ya zamani ilipogawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Eneo lake ni kilometa za mraba 65,000 hivi. Lina teritwari nane: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Katiba ya 2006 iliyoleta majimbo 26, Kinshasa ikihesabiwa humo, haikuligusa. Mipaka yake ilibaki ileile.

Lakini kwenye ardhi, jimbo hili linaangalia pande mbili. Bukavu iko kwenye Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mlango wake wa kwanza ni Rwanda. Uvira iko kwenye Ziwa Tanganyika, chini kwa karibu mita 700, na mlango wake wa kwanza ni Burundi. Kati ya maziwa hayo mawili unashuka mto Ruzizi. Mteremko huo ndio unaoendesha mabwawa ya umeme: Ruzizi ya kwanza iliyojengwa wakati wa Wabelgiji, na Ruzizi ya pili ya mwaka 1989 ambayo Kongo, Rwanda na Burundi zinaimiliki pamoja.

Kutoka Bukavu hadi Uvira ni kilometa 120 na kitu, kwenye barabara ya taifa namba 5. Kwenye karatasi si mbali. Kwenye barabara ni jambo lingine. Sehemu ya Ngomo, ambako njia imechongwa kwenye ubavu wa mlima, imekula magari na watu wengi. Ndiyo maana kwa miaka mingi wasafiri walizoea kutoka Bukavu kupitia Rwanda, kushuka kwa lami hadi Bugarama na kuingia tena Kongo pale Kamanyola. Yaani mkaaji wa Kivu Kusini alilazimika kutoka nje ya nchi yake ili afike makao ya jimbo lake mwenyewe.

Bujumbura kwa upande wake iko chini ya kilometa 30. Mama anayetoka Nyamianda asubuhi kwenda soko la Bujumbura anaweza kurudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Kwa Bukavu hawezi. Jambo hilo dogo linaeleza mengi kuhusu jinsi Uvira inavyoishi.

Mji wenyewe umebanwa. Mbele ni ziwa, nyuma ni milima ya Mitumba inayopanda hadi zaidi ya mita 3,000 kuelekea Itombwe. Mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka kutoka milimani na kukata mji kabla ya kuingia ziwani. Usiku wa Aprili 16 kuamkia 17, mwaka 2020, Mulongwe ulifurika, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Halafu ziwa lenyewe likaanza kupanda, na mwaka 2024 maji yalikuwa yameingia kwenye nyumba za pwani na kwenye bandari ya Kalundu. Mji uliopokea serikali ya jimbo mwaka 2025 ulikuwa tayari na watu wake wengi wasiokuwa na mahali pa kukaa.

Nani ana kasha, nani hana

Hapa ndipo wakaaji wengi wanachanganyikiwa, na si kosa lao. Sheria ya Oktoba 7, 2008 inatenganisha aina mbili za utawala.

Aina ya kwanza ni vyombo vyenye uhai wao wenyewe kisheria, vile vinaitwa kwa Kifaransa ETD: mji, komine, sekta na sheferi. Hivi vina bajeti, vina haki ya kukusanya kodi fulani na vinaweza hata kushtakiwa mahakamani. Katika teritwari ya Uvira, sheferi ni tatu: Bavira, Bafuliiru na Bonde la Ruzizi, kila moja na mwami wake.

Aina ya pili ni ofisi zinazofanya kazi ya serikali lakini hazina kasha lao. Teritwari iko kwenye kundi hili, ijapokuwa msimamizi wake anaonekana kama mkubwa sana. Kata nayo iko humo. Maana yake, chifu wa kata ya Nyamianda anaweza kuandika karatasi ya mkaaji, kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa kiwanja na kuita watu kwenye salongo ya kusafisha mitaro. Lakini bajeti ya kata haipo. Mkaaji anayekwenda kumlaumu chifu wa kata kwa sababu daraja dogo limebomoka anamlaumu mtu ambaye sheria haikumpa hata franka moja ya kulijenga. Mwenye wajibu yuko juu zaidi: komine, mji, jimbo.

Uvira ilipewa hadhi ya mji kufuatana na amri za mwaka 2013, pamoja na Baraka na Kamituga. Mji una meya, komine zina mabugumestre, lakini hao wameteuliwa kutoka juu. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wamelisahau. Kwenye uchaguzi wa Desemba 20, 2023, wananchi wa Kongo waliitwa kuchagua rais, wabunge wa taifa, wabunge wa majimbo na pia washauri wa komine. Lakini washauri wa komine walichaguliwa Kinshasa na kwenye miji ambayo ni makao ya majimbo tu. Bukavu ilipiga kura hiyo. Uvira haikupiga.

Kwa hiyo, miezi kumi na minne baadaye, Uvira ilipopewa kazi ya makao ya jimbo, ilipewa kazi hiyo bila kile ambacho makao ya jimbo yalikuwa yamepewa kwa sheria: mabaraza ya komine yaliyochaguliwa na watu, yenye haki ya kumuuliza bugumestre pesa zimekwenda wapi. Mzigo ulifika, lakini sauti ya wakaaji haikufika pamoja nao.

Franka mia moja zinapita wapi

Katiba, kwenye kifungu cha 175, inasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa katika jimbo yabaki katika jimbo, yakatwe palepale. Sheria ya Oktoba 2008 inaongeza kwamba, katika sehemu hiyo ya jimbo, asilimia 40 iende kwa ETD, yaani miji, komine, sekta na sheferi, kwa kuangalia uwezo wao wa kuzalisha, ukubwa wa eneo na idadi ya watu.

Tuseme katika jimbo yamekusanywa mapato ya taifa ya franka 100. Kwa sheria, 60 zinakwenda Kinshasa, 40 zinabaki Kivu Kusini. Katika hizo 40, franka 24 ni za serikali ya jimbo, na 16 zinagawanywa kati ya miji, komine, sekta na sheferi zote za jimbo, kuanzia Shabunda hadi Idjwi. Hata sheria ikifuatwa neno kwa neno, kinachofika komine moja ya Uvira ni kidogo.

Na sheria haijafuatwa hivyo. Tangu mwanzo pesa zote zinapanda Kinshasa kwanza, halafu zinarudishwa kwa jina la retrosesyo, pungufu na kwa kuchelewa. Magavana wa vyama vyote wamelalamika kuhusu jambo hilo. ETD nazo zinalalamika kwamba kile kinachofika jimboni hakiwafikii. Kila ngazi inanyoosha kidole kwa ngazi ya juu yake, na mkaaji aliye chini kabisa haoni ni nani amebaki na nini.

Vita vimeongeza tundu lingine. Sehemu za jimbo zilizotoka mikononi mwa serikali ziliacha kuleta mapato kwenye kasha la jimbo, kwa sababu kodi ilianza kukusanywa na wengine. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa, mabenki ya Bukavu yakafungwa. Kwa hiyo serikali iliyoshuka Uvira ilishuka na wafanyakazi, wakimbizi na madeni, lakini nyuma yake ilikuwa imeacha sehemu kubwa ya mahali inapotoa pesa.

Uchumi uliogeukia ziwa

Uvira ina uchumi wake, na huo haukungoja makao ya jimbo. Nguzo ya kwanza ni ziwa. Ndagala na mikebuka zinavuliwa usiku kwa taa, na kila mtu sokoni anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa samaki wanapungua na bei inapanda. Ndagala kavu zinapanda hadi Bukavu, Walungu na kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga. Lakini mara nyingi usalama unapozorota, amri ya kwanza ni kukataza mitumbwi isitoke usiku. Kwa familia ya mvuvi, amri hiyo ni sawa na kufungiwa duka.

Nguzo ya pili ni bonde la Ruzizi: mpunga, mihogo, mahindi, nyanya, ng'ombe. Hapo zamani lilikuwa pia na pamba, na lilikuwa na sukari. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilometa chache kaskazini mwa mji, kiliajiri watu wengi hadi vita vya 1996 vilipokisimamisha. Majaribio ya kukifufua yamekuwepo, lakini kwa miaka mingi sukari iliyouzwa kwenye vibanda vya Nyamianda ilitoka nje ya nchi, wakati mashamba ya miwa yako karibu kiasi kwamba mtu anaweza kwenda kwa baisikeli.

Nguzo ya tatu ni mpaka na bandari. Kutoka Kalundu boti zinakwenda Baraka, Kalemie na Kigoma, na Kigoma ina reli ya kwenda Dar es Salaam tangu 1914. Kwa upande wa Kavimvira na Gatumba, wachuuzi wanapita kila siku na bidhaa kichwani. Kwenye soko la Uvira mtu anabeba franka za Kongo, franka za Burundi na dola katika mfuko mmoja, na muuzaji anazijua zote. Mpaka ukifungwa, jioni ileile bei ya unga na mafuta inabadilika.

Angalia sasa nguzo hizo tatu kwa pamoja. Hakuna hata moja inayotegemea Bukavu kwa namna ambayo karatasi za utawala zinaitegemea. Uchumi wa Uvira unaelekea kusini na mashariki. Utawala wake unaelekea kaskazini, juu ya mlima. Hii ndiyo shida ya zamani ambayo vita vimeiweka wazi.

Jimbo moja la Poland lenye makao mawili

Mfano wa mbali unaweza kusaidia hapa, kwa sababu jimbo la mpakani lenye makao mawili si jambo la Kivu peke yake. Nchini Poland, mpakani na Ujerumani, kuna jimbo linaitwa Lubuskie. Ni dogo: kilometa za mraba karibu 14,000, yaani Kivu Kusini inalizidi zaidi ya mara nne. Watu wake wanakaribia milioni moja, na karibu nusu ya ardhi yake ni msitu. Mto Oder na mto Neisse ndio mpaka wake na Ujerumani, kama vile Ruzizi ilivyo kwa Uvira na Burundi.

Hadi 1998 Poland ilikuwa na majimbo 49. Serikali ilitaka kuyapunguza yabaki 12, watu wakabishana, na mwishoni, kuanzia Januari 1, 1999, yakawa 16. Miji ya Gorzów Wielkopolski na Zielona Góra ilikuwa kila mmoja na jimbo lake, sasa ikatiwa katika jimbo moja. Hakuna mji uliokubali kuwa chini ya mwingine. Jibu lao likawa kugawana kazi kwa sheria. Mwakilishi wa serikali kuu, anayeteuliwa na waziri mkuu, yuko Gorzów. Baraza la jimbo linalochaguliwa na wananchi, pamoja na uongozi wake, liko Zielona Góra. Kati ya miji hiyo miwili ni kilometa zaidi kidogo ya 100, karibu kama Bukavu na Uvira, ila barabara yao ni pana na ni ya lami. Jimbo lingine la Poland, Kujawsko-Pomorskie, lilifanya vilevile kati ya Bydgoszcz na Toruń.

Wasifikiri wasomaji kwamba kule hawajui vita. Lubuskie ilikuwa ardhi ya Ujerumani hadi 1945. Baada ya vita Wajerumani walifukuzwa na Wapoland wakahamishiwa humo. Mji wa Słubice ulikuwa sehemu ya Frankfurt ya upande wa mto Oder, mpaka ukapita katikati. Leo, tangu Poland iingie Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na eneo la Schengen mwishoni mwa 2007, mkaaji anavuka daraja bila kulipa chochote, na soko la Słubice linaishi kwa wateja kutoka ng'ambo.

Kuna tofauti kubwa, na haifai kuificha. Kule makao mawili yalitokana na makubaliano, hapa yalitokana na bunduki. Kule nchi ina pesa za kulipia ofisi mbili. Na katika Kivu Kusini, kubadili utawala kunagusa vidonda. Mwaka 2020, kuwekwa kwa bugumestre wa komine ya Minembwe kulileta hasira nchini kote hadi rais mwenyewe akasimamisha jambo hilo. Mtu akisema leo «Uvira iwe na makao ya kudumu», Bukavu watauliza kwa nini, Baraka na Kamituga watauliza na sisi je.

Lakini funzo lenyewe halihusu jina la makao. Linahusu kuandika mapema, kwa sheria na wakati wa utulivu, ni huduma ipi inakaa wapi.

Mambo ambayo wakaaji wanaweza kudai

Amani ikirudi kwa kweli, kuna hatari kubwa: magari yatapakiwa, ofisi zitapanda Bukavu, na Uvira itabaki na deni na picha za wageni. Bunge la jimbo lina uwezo wa kuzuia hilo, kwa sababu linatunga sheria za jimbo na kupiga kura bajeti yake kila mwaka.

La kwanza ni huduma za karatasi. Idara za jimbo ambazo zilifanya kazi Uvira mwaka 2025 zinaweza kuachiwa tawi la kudumu, lenye mtu anayeruhusiwa kutia sahihi, si kupokea mafaili tu na kuyapeleka mlimani. Tawi hilo lingehudumia pia Fizi, ambako mkaaji wa Baraka anapita Uvira kabla ya kufika Bukavu.

La pili ni hesabu ya retrosesyo. Mgawo wa kila mji, komine na sheferi unaweza kubandikwa ukutani kwenye ofisi ya meya na kwenye kila komine: kilichopaswa kuja, kilichokuja, na tarehe. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji karatasi na gundi.

La tatu ni uchaguzi wa washauri wa komine. Hakuna sababu mkaaji wa Bukavu awe na haki ya kumchagua mshauri, na wa Uvira, Baraka au Kamituga akose, kwa sababu tu mji wake si makao.

La nne ni barabara ya taifa namba 5. Serikali inaweza kutangaza makao popote inapotaka, lakini Ngomo ikibaki ilivyo, jimbo litabaki vipande viwili hata siku ambayo bunduki zitanyamaza.

Kuhusu swali la mwanzo, Nyamianda ilipata nini? Ilipata wapangaji wapya, kodi ya nyumba iliyopanda, magari ya wakubwa barabarani, kisha ikapata vita. Mitaro, maji na daraja dogo vilibaki kazi ya salongo. Siku mbunge wa jimbo atakapokuja tena kuomba kura, chifu wa kata hatakuwa na majibu, kwa sababu hana kasha. Mbunge ndiye anayepiga kura ya bajeti. Wa kuulizwa ni yeye: tawi gani litabaki Uvira, na katika zile franka 16, ngapi zimefika.